Shamba la Tales: Somo la Ardhi Kutoka Hadithi ya Ufilipino

 

Somo la leo ni la hadithi. Najua wengine watasema, "Sisi tuna shida ya viwanja, huyu anatuletea ngano!" Ngojeni kidogo. Hadithi hii ni ya shamba tangu mwanzo hadi mwisho. Imetungwa mbali sana na Kilifi na Kwale, lakini nilipoisoma hapa Buxton nilikuwa kila mara nasimama na kusema, "Lo! Haya si ni ya kwetu?"

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili wanakikundi waweze:
(a) kusimulia kisa cha Tales kwa maneno yao wenyewe;
(b) kueleza ni kwa nini malipo yake yaligeuka kuwa ushahidi dhidi yake;
(c) kukagua karatasi za kikundi na za kila nyumba.

Mwezeshaji asome sehemu ya hadithi kwa sauti, polepole. Wasiojua kusoma watashiriki sawa na wengine.

KITABU NA MWANDISHI WAKE

Mabaharia wa Kifilipino si wageni kwetu Mombasa. Meli nyingi zinazotia nanga Kilindini zina Wafilipino ndani. Lakini vitabu vyao hatuvijui. Mwandishi wao mkubwa ni José Rizal, daktari wa macho, aliyezaliwa mwaka 1861 katika mji wa Calamba. Wakati huo Ufilipino ilitawaliwa na Uhispania. Rizal alisomeshwa na Wajesuiti mjini Manila, kisha akaenda kusoma Ulaya. Aliandika riwaya mbili: Noli Me Tángere, iliyotoka mwaka 1887, na El Filibusterismo, iliyotoka mwaka 1891. Kwa sababu ya maandishi yake alionekana adui wa serikali, na tarehe 30 Desemba 1896 alipigwa risasi mbele ya watu mjini Manila. Alikuwa na miaka 35.

Kisa cha Tales kimo katika ile riwaya ya pili. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza.

HADITHI YENYEWE KWA UFUPI

Tales alikuwa mkulima. Yeye na baba yake mzee Selo, mke wake na watoto, walifyeka msitu ulioonekana hauna mwenyewe. Kazi ilikuwa ngumu na homa zilikuwa nyingi. Mke wake akafa, na binti yake mkubwa akafa.

Walipoanza kuvuna, likaja shirika la watawa lililokuwa na mashamba jirani. Likasema, "Hapa ni ndani ya mpaka wetu. Lakini kaa tu, utulipe kidogo kila mwaka." Tales hakutaka ugomvi. Mzee Selo naye akamwambia avumilie, ahesabu kwamba pesa zile zimepotea mtoni. Akalipa.

Mavuno yakawa mazuri, kodi ikapandishwa. Akalipa. Ikapandishwa tena, na tena, mpaka ile ya peso 20 au 30 ikafika 200. Hapo Tales akakataa. Akasema, "Nionyesheni hati yenu." Akaenda mahakamani.

Watawa hawakuwa na hati. Walichosema ni kimoja: "Mbona miaka yote hii umekuwa ukitulipa?" Na mahakimu waliogopa kupoteza kazi. Tales akashindwa. Akakata rufaa, pesa zikaishia kwa mawakili. Mwanawe akachukuliwa jeshini, na baba hakumkomboa, maana pesa zilikuwa za kuwalipa mawakili. Yeye mwenyewe akawa analinda shamba kwa bunduki. Bunduki ikakatazwa, akashika panga. Panga likakatazwa, akashika shoka.

Halafu majambazi wakamteka nyara wakitaka fidia. Binti yake Juli akauza mapambo yake, hayakutosha, ikabidi aende kuwa mtumishi katika nyumba ya watu ili apate mkopo. Aliondoka nyumbani siku ya Krismasi. Mzee Selo akapigwa na bumbuazi, asiweze kusema tena. Tales aliporudi alikuta shamba limepewa mtu mwingine. Usiku ule damu ikamwagika, na Tales akaingia msituni kuwa jambazi.

Mwezeshaji: hapa simama. Waache watu wanyamaze kidogo kabla ya kuendelea.

MAMBO YALIYONIGUSA

1. Wabaya wa hadithi ni watawa. Mimi ni Mkatoliki na nafanya kazi ya Kanisa. Sikuona raha kusoma hivyo. Lakini Rizal hakutunga hewani. Familia yake mwenyewe ilikodi shamba la watawa Wadominiko huko Calamba. Wenyeji walipolalamika kuhusu kodi, Rizal aliwasaidia kuyaweka malalamiko yao kwa maandishi. Kesi ikaendelea, na mwishowe, kufikia mwaka 1891, familia yake na jirani zao wengi walifukuzwa. Basi angalieni jambo hili: mwaka huohuo 1891, mwezi wa Mei, Papa Leo wa 13 alitoa waraka wake Rerum Novarum, unaotetea haki ya mfanyakazi. Waraka Roma, na kitabu cha mkulima aliyenyang'anywa, mwaka mmoja! Kwangu hiyo ni dawa chungu. Kanisa linalofundisha haki lazima likubali kuulizwa hati yake kama mtu mwingine yeyote. Na kiongozi wa kikundi vilevile.

2. Mzee Selo hakuwa mjinga. Sisi tuna methali, "Mwenye nguvu mpishe." Wazee wetu wengi wameishi hivyo, na wengine wameokoka kwa hekima hiyo. Lakini katika hadithi hii kila mara Tales alipompisha mwenye nguvu, mwenye nguvu alisogea mbele hatua moja. Nilimhurumia mzee alipopoteza sauti. Nilihisi Rizal anatuambia kuwa aliyezoea kunyamaza, siku ya kusema hukosa maneno.

3. Tales alipigana peke yake. Ukisoma unatafuta jirani zake wako wapi. Hata hivyo tusidanganyane kwamba umoja peke yake unatosha. Watu wa Calamba walisimama pamoja na bado walifukuzwa. Lakini malalamiko yao hayakufa. Wamarekani walipoitawala nchi ile, mwaka 1903 walinunua mashamba makubwa ya watawa, ekari karibu 400,000, kwa nia ya kuyauza tena kwa wakulima. Maandishi ya wengi hukaa muda mrefu kuliko shoka la mmoja.

4. Mwisho wa damu. Nilimwelewa Tales, lakini sikufurahi. Baada ya damu ile hakupata shamba, na Juli hakupata baba. Vikundi visijadili hapa kama alikuwa na hasira ya haki. Hasira alikuwa nayo. Jadilini ni mlango gani ungekuwa wazi mapema zaidi.

NA KWETU PWANI JE?

Chimbuko la shida yetu linajulikana. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa pwani, ule wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila anayedai ardhi alitakiwa apeleke madai yake yaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, waliokuwa na ardhi kwa ukoo bila karatasi, wakabaki nje. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota pale walipozikwa babu zao.

Mjini nako kuna jambo ambalo mgeni hushangaa: nyumba ni yako, kiwanja si chako. Umejenga kwa jasho lako, lakini unamlipa mwenye kiwanja kodi. Akiuza, unaambiwa ondoa mawe yako. Na hapa Buxton penyewe, kuanzia mwaka 2021 wapangaji wa nyumba za zamani za manispaa walihama na nyumba zikabomolewa kupisha maghorofa mapya. Wakati kama huo kila mtu hukimbilia sanduku lake kutafuta karatasi.

Sasa turudi kwa Tales na yale malipo. Sheria ya Kenya inasema mtu aliyekaa waziwazi kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba aandikishwe kuwa mmiliki. Wanakijiji wanaweza kwenda pamoja. Lakini aliyekuwa akilipa kodi huhesabiwa amekaa kwa ruhusa, na dai lake huanguka. Mnaona? Ni neno lilelile: "Mbona umekuwa ukitulipa?" Njia hii pia haifai kwa ardhi ya umma.

Nieleweke vizuri. Sisemi mtu mwenye mapatano halali aache kulipa kodi. Huyo akiacha atajifukuzisha. Nasema hivi: mtu akija na daftari lake mkononi akisema "lipeni kidogo tu, mimi ndiye mwenye hapa", kabla ya kutoa shilingi moja, mwambieni maneno ya Tales: "Tuonyeshe hati." Kisha mwende ofisi ya ardhi mfanye sachi, yaani muulize kiwanja kimeandikwa jina la nani. Na msiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi wenu.

KITABU CHA PILI: SHAMBA LA WANYAMA

Huenda mwingine akasema, "Basi tukishapata karatasi tumepona." Hapo nawakumbusha kitabu cha Mwingereza George Orwell cha mwaka 1945. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, kikatoka mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza bwana shamba na kuandika amri zao ukutani. Kumbe nguruwe wanazibadilisha kidogokidogo, na wengi hawawezi kusoma vizuri.

Anayenikera mimi zaidi si nguruwe. Ni punda Benjamin. Yeye anajua kusoma, lakini ananyamaza, ati haoni faida. Anapaza sauti siku gari linapomchukua rafiki yake farasi kwenda kuchinjwa, maana ameona maandishi ubavuni mwa gari. Amechelewa. Katika kila kikundi kuna mtoto wa sekondari au mwalimu mstaafu anayejua kusoma katiba na daftari la benki. Huyo asiwe Benjamin. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi naongeza kuwa hata yenye daftari hupotea, kama daftari lasomwa na mtu mmoja tu.

MASWALI YA KUJADILI (watu watano watano)

1. Tales angekuwa jirani yenu, mngefanya nini mwaka ule wa kwanza alipoanza kulipa?
2. Ni wakati gani inafaa kumpisha mwenye nguvu, na ni wakati gani haifai?
3. Kijijini kwenu, nani anaombwa hati na nani haombwi kamwe? Kwa nini?
4. Akina mama na mabinti: Juli alilipia deni ambalo hakulifanya. Mmeona mambo kama hayo?
5. Katiba ya kikundi iko kwa nani? Mara ya mwisho ilisomwa lini mbele ya wote?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

- Kila nyumba ikusanye risiti, mapatano, barua za chifu na karatasi zozote za kiwanja, iziweke pamoja mahali pakavu.
- Toeni nakala. Nakala moja iwekwe kwa mtu mwingine mnayemwamini, maana moto na mvua havina huruma.
- Ambaye hana karatasi aandike, au aandikiwe: ameishi hapo tangu lini, nani alimtangulia, miti gani aliipanda nani na mwaka gani, majirani ni akina nani. Wazee wahojiwe sasa wakiwa hai.
- Chagueni watu wawili, mmoja awe mwanamke, waende ofisi ya ardhi kufanya sachi. Nauli itoke kwenye mfuko wa kikundi.
- Mkiona dalili ya kesi, tafuteni wakili au msaidizi wa sheria mapema, kabla amri ya kuhama haijatoka.

Mwisho, kama kuna mzee kikundini mwenu ambaye hujikalia kimya wakati wa mazungumzo ya ardhi, mwanzeni yeye. Mpeni kiti, mpeni maji, mumuulize mwembe ule ulipandwa na nani. Mmoja wenu ashike kalamu.