Lobelia kubwa za Mlima Kenya: utazitofautishaje?

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru au Sirimon, ukishaacha msitu na vichaka nyuma, unafika nyanda zenye jua kali mchana na barafu usiku. Huko ndiko ziliko lobelia kubwa. Wapandaji wengi huziona zote kuwa mmea mmoja, kumbe ni aina mbili zenye maisha tofauti kabisa. Haya hapa majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Aina hizo mbili ni zipi?

Ya kwanza ni Lobelia telekii, iliyopewa jina la Sámuel Teleki wa Hungaria, aliyefika mlimani humo mwaka 1887. Ya pili ni Lobelia gregoriana, kwa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyefika mwaka 1893. Vitabu vya zamani huiita hii ya pili Lobelia keniensis, kwa hiyo usidhani ni aina ya tatu. Chini zaidi, kwenye mianzi, kuna Lobelia bambuseti, lakini hiyo hutaikuta juu kwenye mawe na barafu.

Mmea usipokuwa na maua nitaujuaje?

Inama uchungulie katikati ya majani. Aina zote mbili zina majani yaliyobanana kwa duara, yaani shada. Ukikuta maji yametuama kati ya majani hayo, hiyo ni gregoriana. Telekii haihifadhi maji, na majani yake ni membamba zaidi. Kisha tazama majirani: gregoriana mara nyingi huwa na mashada kadhaa yaliyoungana chini ya udongo, ilhali telekii ina shada moja tu. Alama hii ya pili usiitegemee peke yake, kwa sababu gregoriana changa nayo huweza kuwa na shada moja.

Maji hayo yana kazi gani?

Ni kinga ya baridi. Jua likizama, majani hujikunja kwa ndani na kukifunika kichipukizi. Usiku uso wa maji huganda, lakini chini ya utando huo maji hubaki bila kuganda, na kichipukizi husalimika. Ukipita alfajiri, gusa taratibu kwa ncha ya kidole: utakuta barafu nyembamba juu, na maji chini yake.

Na ukiwa umechanua?

Hapo kazi ni rahisi. Mnara wa maua wa telekii umejaa manyoya ya kijivu. Manyoya hayo yako kwenye vijani virefu vyembamba vilivyo chini ya kila ua, navyo huyaficha maua na kuyakinga na baridi. Mnara wa gregoriana una vijani vipana vilivyopandana kama vigae vya paa, na maua ya buluu yakichungulia katikati. Ndege aina ya chozi mwenye mkia mrefu hutembelea zote mbili kunywa asali ya maua, kwa hiyo ndege huyo si kitambulisho.

Je, mahali mmea ulipoota panasaidia?

Panasaidia sana. Telekii hupenda miteremko mikavu yenye mawe; gregoriana hupenda mabonde yenye unyevu na kando ya vijito. Lakini pembezoni mwa mabonde hukutana, na hapo lazima urudi kwenye maji na manyoya.

Nikienda Kilimanjaro nitazikuta?

La. Lobelia ya nyanda za juu za Kilimanjaro ni Lobelia deckenii, ndugu wa karibu wa gregoriana, nayo pia huhifadhi maji. Telekii haipo Kilimanjaro. Ipo Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Rwenzori nako kuna Lobelia wollastonii, yenye mnara wa manyoya unaoweza kukudanganya kuwa ni telekii.

Kuna haja gani ya kuzitofautisha?

Haja ipo, tena kubwa. Shada la gregoriana likishachanua hufa, lakini mashada mengine ya mmea uleule huendelea kuishi. Telekii hukua kwa miongo kadhaa, huchanua mara moja tu, hutoa mbegu, kisha hufa yote. Anayevunja mnara wake kabla mbegu hazijakomaa amekata uzao wote wa mmea huo, na hakuna msimu mwingine wa kufidia. Tayari pimbi huyatafuna majani ya lobelia. Binadamu asiongeze hasara.

Mlima Kenya ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1949, na mimea yake haichumwi. Piga picha tatu: katikati ya majani, mnara kwa karibu, na mahali mmea ulipoota. Picha hizo zinatosha kuitambua aina. Mmea wenyewe uache ulipo.