Kabla Hamjamsainia Meneja

Naona mmeitazama The Runaways, ile filamu ya 2010 ya Kristen Stewart na Dakota Fanning kuhusu bendi ya wasichana ya jina hilohilo, na sasa kila msichana anayepiga dramu kanisani hapa Nairobi, kutoka Umoja hadi Kayole, anataka bendi ya roki. Anzisheni! Mwalimu alimwambia Joan Jett, mpiga gita wao, kuwa gita la umeme si la wasichana, na mmeona alivyomjibu. Tatizo ninaloliona ni jingine: nyote mnataka kuwa Cherie Currie, mwimbaji, na hakuna anayetaka kuwa Sandy West, mpiga dramu, kwa sababu yeye ndiye angepanda matatu na dramu na konda amtoze viti vitatu.

Sasa hebu tuongee, wadogo zangu. Mlimtazama Cherie na mavazi yake, mkampita meneja wao, Kim Fowley. Ni 1975, Los Angeles. Joan ana miaka 16, Cherie 15, na huyo ni mwanamume wa thelathini na kitu. Pale anapoleta vijana wawarushie takataka wakiwa mazoezini, eti wazoee jukwaa, najua mlicheka. Mimi sikucheka. Mtu mzima anayekutukana ukiwa na miaka 15 na kuyaita hayo mafunzo, siku pesa zikiingia atakufanyia nini?

Halafu kuna msichana ambaye hamkumwona kabisa. Aliyepiga besi kwenye bendi yenyewe aliitwa Jackie Fox, jina lake halisi Jackie Fuchs. Filamu imemwondoa, ikaweka mhusika wa kubuni anayeitwa Robin. Mwaka 2015, miezi michache baada ya Fowley kufa, Jackie alieleza hadharani kwamba meneja huyo alimbaka mkesha wa kuingia 1976, akiwa na miaka 16. Bendi aliiacha 1977. Baadaye akasoma sheria Harvard.

Na hapa kwetu? Waulizeni mama zenu kuhusu Tattuu, wale madada watatu wa mwanzoni mwa miaka ya 2000: Angela Mwandanda, Debbie Asila na Angela Ndambuki. Hawakupiga roki, lakini walitikisa. Ndambuki naye akawa wakili, akaongoza PRISK, chama cha kutetea haki za waimbaji na wapiga ala, na 2020 akapewa usimamizi wa Afrika kusini mwa Sahara katika IFPI, shirikisho la kampuni za kurekodi muziki duniani. Bendi mbili, mabara mawili, na kila moja ikatoa wakili. Mimi nadhani waliona karatasi za kutosha.

Kwa hiyo, karatasi, yaani mikataba. Ukiwa chini ya miaka 18, usitie sahihi chochote ukiwa peke yako, hata kama jamaa wa studio anasema nafasi inaisha leo. Ikiisha, iishe. Karatasi ipeleke nyumbani, mzazi aisome, na mkimpata wakili, afadhali zaidi. Nyimbo zisajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa majina ya wote waliozitunga, si ya mwenye kompyuta. Na jina la bendi ni la nani mmoja akiondoka? Kubalianeni sasa, mkiwa bado mnapendana.

Studio usiku, nendeni wawili au zaidi. Na mpiga picha akimtaka mrembo mmoja tu, bendi nzima iamue kwanza. Kumbukeni ugomvi uliozuka The Runaways walipokuwa Japani kwa ajili ya picha za Cherie peke yake. Cherie alilaumiwa, na aliyezipanga wala hakuwa yeye.

Kuna aliyeniuliza afanyeje na mathe anayesema roki ni ya shetani. Mwalike mazoezini Jumamosi mchana. Amwone mpiga besi, amwone na huyo anayeshika ufunguo wa mlango. Muziki huenda asiupende, lakini atajua mko wapi na mko na nani.