Herufi Sita Zilizopotea

Kirusi cha korona kimeandikwa kwa herufi 29,903 hivi. Aina zake ni nne tu, A, C, G na U, yaani vifupisho vya kemikali nne zilizopangwa kwenye uzi mmoja wa RNA. Mpangilio huo ndio unaoamua protini zipi zitengenezwe, ikiwemo ya mwiba ambao kirusi hutumia kujishikiza kwenye seli. Herufi zote kwa pamoja ndizo jenomu.

Kirusi hakiwezi kuzaliana chenyewe. Huingia ndani ya seli na kuilazimisha iinakili jenomu yake mara nyingi mno, na anayenakili sana hukosea. Wanaosoma hati za kale za Lamu wanalijua hili: mnakili akiruka ubeti wa utenzi, kila nakala itakayotokana na ya kwake itaukosa ubeti huo huo. Hati mbili zikiwa na pengo moja, asili yao huenda ni moja. Zikiwa na mapengo matano yale yale, shaka imekwisha.

Makosa mengi ya kirusi hayana athari yoyote, na mengine hukiua. Kwa korona, yanayosalia katika mnyororo wa maambukizi ni kama mawili kwa mwezi. Ni machache, kwa hiyo watu walioambukizana wiki iliyopita wanaweza kuwa na virusi visivyopishana hata herufi moja. Anayedai kwamba jenomu pekee itamwonyesha nani alimwambukiza nani anaidai kupita uwezo wake. Inachokionyesha vizuri ni ukoo.

Kuisoma kunaanzia kwenye ute uliochukuliwa puani. RNA hugeuzwa kuwa DNA, ambayo haiharibiki upesi, kisha huzidishwa kwa vipande vya herufi mia kadhaa vinavyopishana miisho. Mashine husoma kila kipande, na programu huvipanga kwa kuvilinganisha na jenomu ya kwanza iliyotangazwa kutoka China Januari 2020. Mashine nayo hukosea, kwa hiyo kila nafasi husomwa mara nyingi: herufi ngeni ikijitokeza mara moja ni kosa la mashine, ikijirudia karibu kila mara ni ya kirusi.

Kazi hii ni ghali na huchukua siku kadhaa, hivyo nchi nyingi haziwezi kusoma virusi vya wagonjwa wao wote. Husomwa sehemu ndogo, na hapo pana mtego. Ukichagua sampuli za jiji moja, au za wagonjwa mahututi peke yao, utapata picha ya jiji hilo au ya wodi hiyo, halafu utaiita picha ya taifa.

Novemba 2021 Afrika Kusini ilisaidiwa na kitu cha bei nafuu zaidi. Kipimo cha PCR hakisomi jenomu. Hutafuta vipande vichache vinavyojulikana. Kipimo kimoja kilichotumika sana huko kilitafuta vipande vitatu, kwenye jeni za ORF1ab, N na S, na S ndiyo jeni ya mwiba. Delta, aina ya kirusi cha korona iliyokuwa imetawala, ilionyesha vyote vitatu. Ghafla maabara za mkoa wa Gauteng zikaanza kuona majibu ambayo ORF1ab na N zipo, S haipo. Mgonjwa ana korona bila shaka, lakini kipande kimoja hakionekani.

Jenomu zilitoa sababu: herufi sita za jeni S zilikuwa zimefutika, na kipimo hakikupata pa kushika. Pengo hilo peke yake halikuwa geni, kwani Alpha, aina nyingine ya awali, ilikuwa nalo. Kilichoshtua ni idadi ya mabadiliko yaliyoandamana nalo: zaidi ya thelathini kwenye mwiba pekee. Botswana nayo iliona mambo hayo hayo katika sampuli za tarehe 11 Novemba. Tarehe 25 mtaalamu wa jenomu wa Afrika Kusini, Tulio de Oliveira, na wenzake walikitangaza kirusi hicho, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likakiita Omicron.

Ndugu zake wa karibu walikuwa virusi vya katikati ya 2020, wala hakikutokana na Delta. Kilijificha wapi mwaka mzima? Wengi huelekea kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu aliyeishi na maambukizi kwa miezi mingi. Wengine humtaja mnyama. Nchi nyingi zilikimbilia kufunga safari za kutoka kusini mwa Afrika, jambo lililokuwa karibu na kumwadhibu mpiga mbiu. Siku chache baadaye Uholanzi ilikikuta katika sampuli yake ya tarehe 19 Novemba, kabla ya tangazo.

Kwa wiki kadhaa S iliyokosekana ilitumika kupima kasi ya Omicron siku kwa siku, bila kungoja jenomu. Kisha likaja tawi la Omicron liitwalo BA.2, lisilo na pengo lile, na S ikaonekana tena kana kwamba Delta imerudi. Ni kwa kusoma jenomu tu ndipo ungejua haikurudi. Aprili 2022 pengo lilirejea na matawi mengine, BA.4 na BA.5, lakini matawi haya mawili yana mwiba ulio sawa kabisa. Tofauti zao ziko kwingine katika jenomu, mahali ambapo kipimo cha vipande vitatu hakiangalii.