Kompyuta ya Kikundi: Tununue RAM Kiasi Gani?



Vikundi vyetu vya Meru na Embu vinaweka akiba, vinakopeshana, vinauza maziwa, kahawa na makadamia. Rekodi zikizidi daftari, mtu husimama mkutanoni na kusema, "Tununue kompyuta." Pesa ni kidogo, kwa hivyo mnatafuta fundi awaundie moja ya bei nafuu. Naye anauliza: "Mnataka RAM ngapi?" Wengi hujibu tu, bila kujua wanajibu nini. Somo hili ni la kuwasaidia kujibu.

Kwanza kumbukeni ni pesa ya nani. Tuseme kikundi kule Nkubu kina watu 25, na kila mtu hutoa sh. 100 kila wiki. Kwa wiki 12 hiyo ni sh. 30,000. Kamati ikikosea dukani, imekosea kwa jasho la watu 25.

1. RAM NI NINI?

Fikirieni meza ya mweka hazina siku ya mkutano, na kabati lililo nyuma yake. Kabatini kuna madaftari yote, ya sasa na ya zamani. Mezani kuna yale tu anayoyafanyia kazi saa hiyo. RAM ni meza. Diski ni kabati.

Meza ikiwa ndogo, mama huyu atainuka kila mara, arudishe daftari moja na kutoa lingine. Kazi itafanyika, lakini watu watasinzia kwenye viti. Kompyuta ni vivyo hivyo: RAM ikijaa, huanza kuhamisha kazi kwenye diski, na diski ni ya polepole.

Lakini meza ikiwa kubwa kupita kazi iliyopo, mweka hazina haandiki haraka zaidi. Mahali palipobaki ni mbao tupu. Shikeni hili: RAM ya kutosha huondoa kuchelewa, RAM ya kuzidi haiongezi mbio.

Tena, stima ikipotea, kilicho mezani hupotea na kilicho kabatini hubaki. Hata RAM iwe kubwa namna gani, hifadhi kazi yako kila dakika chache.

2. MSICHANGANYWE NA HESABU

Muuzaji anaweza kusema, "Mama, hii ni kubwa, ina 500!" Muulize, "500 ya nini?" Mara nyingi ni diski, yaani kabati. RAM ya kompyuta za bei yetu huhesabiwa kwa gigabaiti (GB) 4, 8 au 16.

3. KIASI GANI KINATOSHA?

GB 4: Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na Windows 11. Kompyuta itawaka, lakini ukifungua hesabu na intaneti pamoja itaanza kusuasua. Inaweza kufaa kama mtatumia Linux nyepesi na kufanya kazi moja moja.

GB 8: Hii inatosha vikundi vingi. Unaweza kufungua Excel yenye hisa na mikopo, taarifa ya M-Pesa, barua ya kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii, na kurasa chache za eCitizen au iTax, zote kwa pamoja.

GB 16: Ni ya wale wanaokata na kuunganisha video za arusi na harambee, au wanaofungua mambo mengi mno kwa mara moja. Kama hiyo ndiyo biashara ya vijana wenu, si anasa.

Zaidi ya hapo, kwa kazi za kikundi, ni kutupa pesa.

Jueni pia kwamba kompyuta isiyo na kadi yake ya picha hukopa sehemu ya RAM kwa ajili ya skrini. Kwa hivyo GB 8 mliyonunua haibaki yote kwa kazi.

4. PIMENI WENYEWE

Msitegemee maneno ya fundi wala ya gazeti hili. Nendeni saiba iliyo karibu, Makutano au Runyenjes, mkaombe kompyuta yenye GB 8. Fungueni kazi zote ambazo kikundi kitafungua kwa wakati mmoja. Kisha bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja, mwende kwenye Performance, halafu Memory. Hapo mtaona GB ngapi zinatumika. Kama ni 6 au chini, GB 8 inawatosha. Kama inakaribia kujaa kila wakati, fikirieni GB 16.

5. ACHENI NAFASI YA KUONGEZA

RAM huja kama kijiti kinachochomekwa kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Ubao wa bei nafuu mara nyingi una nafasi 2. Vijiti 2 vya GB 4 vinavyofanana huenda mbio kidogo kuliko kijiti 1 cha GB 8, lakini vimejaza nafasi zote. Kikundi kinachotarajia kukua kichukue kijiti 1 cha GB 8, na nafasi ya pili ibaki wazi. Mwaka ujao mtaongeza bila kutupa cha kwanza.

Angalieni aina. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na kijiti cha laptopu hakitoshei kompyuta ya mezani. Laptopu nyingine RAM yake imechomelewa moja kwa moja na haiwezi kuongezwa. Ulizeni kabla ya kulipa.

6. PESA ILIYOBAKI IENDE WAPI?

Kama diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, mbadilishe kwa SSD kabla ya kufikiria GB 16. Kuwaka na kufungua kazi kutakuwa kwepesi. Kisha nunueni UPS, maana stima yetu mnaijua, na flashi ya kuhifadhia nakala ya rekodi nyumbani kwa katibu.

Bei ya RAM haikai mahali pamoja. Mwishoni mwa 2025 ilipanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza chipu zao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Bei aliyokuambia jirani mwaka jana si ya leo. Ulizeni maduka 3 siku moja, mji ni ule ule.

Siku ya kununua waende watu 2 au 3, si mwenyekiti peke yake. Risiti iandikwe wazi: RAM GB 8, DDR4, kijiti 1, garanti ya miezi kadhaa. Kabla ya kutoka dukani kompyuta iwashwe, muone GB kwa macho yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni kazi gani 3 tutakazofanya kwa kompyuta kila wiki?
2. Ni zipi zitakazofunguliwa kwa pamoja?
3. Nani watatumwa saiba kupima, na wataleta ripoti lini?
4. Tukibakiwa na sh. 5,000, tununue nini kwanza? Kwa nini?

Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kabla pesa haijatoka benki. Mtu hujikuna ajipatapo. Na kikundi hununua kinachohitaji, si kile ambacho duka linataka kuuza.