Klorini Tunayozaliwa Nayo: Yanayotokea Ndani ya Utumbo wa Mtoto Anayeharisha
Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia za Masimba na majirani zao wa Kisii na Nyamira

Makamasi ya mtoto mwenye mafua yakigeuka kijani, nyanya wengi husema ugonjwa umeiva. Usaha wa jipu nao huwa na kijani hicho hicho. Rangi hiyo inatokana na kitu kimoja kilichojaa ndani ya chembe nyeupe za damu. Mwaka 1941 mwanasayansi wa Uswidi, Kjell Agner, alifaulu kukitenga na akakipa jina lililotokana na rangi yake. Leo kinaitwa mieloperoksidesi. Ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemia mwilini, kama kile cha mate kinachoanza kugeuza wanga wa obokima kuwa sukari ungali unatafuna.

Kazi ya kimeng'enya hiki cha kijani haipaswi kuwa ngeni kwako ikiwa nyumbani kwako kuna mtungi wa maji wa lita 20. Kinachukua chumvi iliyomo mwilini na kutengeneza dawa kali ya kuua vijidudu, dawa ile ile inayofanya kazi ndani ya maji uliyoyatia klorini. Kila mtu amezaliwa na kiwanda hicho. Tatizo ni mahali kilipo: dawa ya mtungini huua vijidudu ndani ya plastiki, lakini hii ya mwilini huvimwagikia juu ya nyama laini ya utumbo wa mwanao.

Askari wanaomaliza hewa

Kijidudu kama Shigela, kinacholeta kuhara damu, kikipenya ukuta wa utumbo, chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hutoka kwenye damu na kukimbilia hapo kwa maelfu. Kimeng'enya cha kwanza, oksidesi, hunyakua oksijeni na kuifanya sumu. Mieloperoksidesi huipokea, huichanganya na chumvi, na klorini inatoka. Vijidudu vinakufa. Chembe za ukuta zilizo jirani nazo zinaungua. Ute, damu na msokoto wa tumbo unaomfanya mtoto ajikunje, sehemu kubwa hutokana na vita hivi, wala si kijidudu peke yake.

Oksijeni hiyo yote hutoka wapi? Hapa ndipo utumbo unapotofautiana na viungo vingine. Ndani yake, mahali chakula kinapopita, karibu hakuna oksijeni kabisa, ilhali upande wa pili wa ukuta kuna damu iliyojaa oksijeni. Ukuta wenyewe unaishi mpakani, na hata siku ya amani hupata hewa kidogo tu. Nyutrofili zikijazana, huivuta hiyo kidogo na kuimaliza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walionyesha jambo hili kwa panya: nyutrofili zinazopenya ukuta wa utumbo huziacha chembe za jirani zikikosa hewa.

Masimba iko juu milimani, na huenda msomaji akadhani tunazungumzia hewa nyepesi ya huku kwetu. Sivyo. Upungufu huu hutokea mahali padogo kuliko punje ya wimbi, na mtoto wa Mombasa huupata sawasawa na wa huku Nyaribari Masaba.

Ungetarajia kwamba ukosefu huo wa hewa ni hasara tupu. Mwili una hekima zaidi ya hapo. Ndani ya kila chembe kuna protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya maalumu huitia HIF alama ili iharibiwe. Oksijeni ikipungua, vimeng'enya hivyo hukosa nguvu, HIF husalia, nayo huamuru ukuta ufungwe upya na ute uongezwe. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi chembe zinavyohisi oksijeni. Kwa hiyo, katika utumbo, moto wenyewe ndio unaowaita wazima moto. Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila oksidesi inayofanya kazi. Ungedhani matumbo yao yatakuwa shwari, kwa kuwa hayana kiwasha moto hicho. Kumbe wengi wao huugua uvimbe mkali wa utumbo. Vimeng'enya hivi si adui. Madhara makubwa huja vinapoitwa kila wiki, mwaka mzima.

Vijidudu vinavyonufaika na moto

Shigela huhisi oksijeni kidogo inayovuja kutoka ukutani, na hapo ndipo hutayarisha sindano zake za kuchoma chembe. Inahitaji vijidudu 10 hadi 100 tu kumlaza mtu mzima, kiasi kinachobebwa kwenye ncha ya kidole. Salmonela, kijidudu kingine cha kuharisha, ina werevu wake: sumu za oksijeni zinazomwagwa na nyutrofili huzaa kemikali ambayo yenyewe inaweza kuipumua, huku vijidudu vyema vya tumbo vikishindwa. Uvimbe unaipa nafasi ya kuzaana.

Vijidudu vyema hivyo ndivyo tunavyotaka uvifikirie kabla ya kwenda duka la dawa. Huchachusha nyuzinyuzi za wimbi, chinsaga, rinagu na maharagwe, kisha hutoa kemikali iitwayo butireti. Chembe za ukuta huiunguza butireti hiyo kama kuni na kutumia oksijeni yote iliyo karibu, hivi kwamba haivuji ndani kuwalisha maadui. Metronidazo, ile inayojulikana zaidi kama Flagyl, huua hasa vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, na wengi wa hawa marafiki wamo katika kundi hilo. Ni dawa nzuri kwa amiba iliyothibitishwa. Kummezesha mtoto kila anapoharisha maji, bila kupimwa, ni kubomoa ua wako mwenyewe.

Sentimita moja

Haydom, mji mdogo wa Tanzania katika Mkoa wa Manyara, ulikuwa mmojawapo wa maeneo manane duniani yaliyoshiriki utafiti mkubwa wa watoto uitwao MAL-ED. Watafiti walipima mieloperoksidesi, pamoja na alama nyingine mbili za uvimbe wa utumbo, kwenye kinyesi cha watoto hata siku ambazo hawakuharisha. Wengi walikuwa nazo kwa wingi: utumbo ulikuwa vitani kimyakimya. Watoto wenye alama za juu kabisa walikua pungufu kwa takriban sentimita 1 katika miezi 6 iliyofuata, wakilinganishwa na wenye alama za chini kabisa. Sentimita 1 ni kubwa kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mama anaweza kumlisha vizuri na bado asione anakua, kwa sababu ukuta uliovimba haunyonyi chakula ipasavyo.

Tusikudanganye kwamba klorini pekee itamaliza haya. Utafiti uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, na kutangazwa mwaka 2018, ulizipa familia klorini, vyoo na vifaa vya kunawia mikono, lakini kuharisha hakukupungua. Urefu uliongezeka kidogo pale tu watoto walipopewa lishe ya ziada. Tunavyouelewa sisi, njia za uchafu ni nyingi: maji, kidole, uwanja wenye kinyesi cha kuku, uji uliolala. Ukiziba moja, nyingine zinabaki wazi. Huku kwetu, ambako zaidi ya watu 900 hukaa katika kila kilomita mraba ya Kaunti ya Kisii, choo cha jirani aliye juu ya mteremko kinaweza kuishia kwenye chemchemi yako.

Kwa hiyo tia maji klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, ungoje dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Usitumie dawa ya kufulia nguo, na usizidishe kipimo. Kwa mtoto chini ya miaka miwili, chemsha maji: klorini haiui kriptosporidia, kijidudu kingine cha kuharisha, na utafiti uliofanyika Siaya na nchi nyingine kati ya 2007 na 2011 uliiweka miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuharisha vibaya kwa watoto. Mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Chanjo ya kuzuia kuharisha kunakoletwa na virusi vya rota, iliyoanza Kenya mwaka 2014, hutolewa kuanzia wiki ya 6. Usiikose kwa kuwa ni msimu wa kuchuma chai.

Akiharisha maji, mpe ORS kidogo kidogo, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo atakachokupa mhudumu. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usiseme ni meno yanaota tu.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, ukiona damu kwenye kinyesi, macho yaliyobonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, au mtoto halii kwa nguvu na hataki kunywa. Rangi ya kijani peke yake si dalili ya hatari, kwani mara nyingi ni nyongo. Ute mzito kama usaha ni jambo jingine. Nepi uliyomvua usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, uende nayo, mhudumu aione.