Jinsi ya Kumwambukiza Rafiki Bendi ya The Clean

Kuna bendi ambazo wanamuziki huzijua kuliko wasikilizaji. The Clean, kutoka mji wa Dunedin kule kusini mwa New Zealand, ni mojawapo. Ndugu wawili waliianzisha mwaka 1978: David Kilgour akishika gita, Hamish Kilgour akikaa kwenye ngoma. Robert Scott alijiunga na besi yake mwaka 1980, na hao watatu ndio The Clean inayokumbukwa. Yo La Tengo wa Marekani waliipenda kiasi kwamba wawili wao, Ira Kaplan na Georgia Hubley, wanasikika kwenye albamu yake ya mwaka 2001, Getaway. Lakini mtajie bendi hii jirani yako, atakutumbulia macho.

Wapenzi wa roki ya indie wana ugonjwa mmoja: wakipata mtu wa kumsimulia, humpakulia yote kwa mkupuo, na mgeni wa watu hukimbia. Bendi hii haitaki maelezo mengi. Inataka mpangilio tu, kipi kitangulie na kipi kisubiri. Huu ndio wangu.

1. Tuma wimbo mmoja, na uwe "Tally Ho!"

Usimtumie mtu orodha ya nyimbo ishirini kwenye WhatsApp. Ataweka kidole gumba juu, atasema "nitasikiliza", na habari itaishia hapo. Wewe mwenyewe hufanya hivyohivyo, tusidanganyane.

"Tally Ho!" ni wimbo mfupi, wa dakika kama tatu hivi, na chambo chake kinakuja mwanzoni kabisa: kinanda chembamba, chenye mlio mkali wa furaha, kinachorudiarudia noti chache kama vile mpigaji amekigundua jana yake na hataki kukiachia. Mpigaji huyo si hata mwanabendi. Ni Martin Phillipps wa The Chills, bendi nyingine ya Dunedin, wakati huo kijana wa miaka kama 18. Nyuma ya kinanda gita linakwaruza kwa haraka na ngoma zinasukuma, na kabla hujajua unachosikiliza wimbo umekwisha. Mgeni akiurudia mwenyewe bila kuambiwa, umeshinda.

Ulirekodiwa mwaka 1981 mjini Christchurch kwa gharama isiyofika dola 100 za New Zealand. Ulikuwa toleo la pili tu la lebo changa ya Flying Nun, aliyoianzisha Roger Shepherd, kijana aliyekuwa akiuza santuri dukani. Wimbo huo wa bei chee ukapanda hadi nafasi ya 19 kwenye chati ya taifa. Hadithi tamu, lakini isimulie baadaye. Mtu akijua mapema kwamba wimbo ni wa bei rahisi, atasikia urahisi huo na hatasikia kinanda.

2. Nyamaza wimbo ukipigwa

Hakuna "subiri, sasa hivi kinakuja kipande". Hakuna kumtazama usoni kama mtahini. Nenda kachemshe chai.

3. Mwandae kwa sauti ya Boodle Boodle Boodle

Baada ya "Tally Ho!" inafuata santuri fupi ya nyimbo tano iliyotoka mwaka huohuo wa 1981. Hapa ndipo wengi hukwama, maana masikio yetu yamezoea nyimbo zilizopigwa pasi mpaka hazina kunyanzi. Hii haikupigwa pasi. Ilirekodiwa Auckland na Chris Knox na Doug Hood, kwa mashine ya tepu ya Knox mwenyewe, yenye njia nne tu. Njia nne maana yake ni kwamba ngoma, besi, magita na sauti za waimbaji lazima vibanane kwenye nafasi nne. Ukitaka kuongeza kitu, kitu kingine lazima kisogee.

Matokeo yake yanasikika. Kwenye "Anything Could Happen" gita linachapwa karibu kabisa na sikio lako, na sauti ya mwimbaji haijarembwa. Anaimba kama mtu anayekueleza jambo mkiwa mmesimama kituoni mnangoja basi. Hilo si kosa la mitambo. Knox alikuwa mwanamuziki wa punk, na alitaka bendi isikike kama ilivyo ikiwa mbele yako. Studio kubwa za wakati ule zingeilainisha mpaka ikafanana na nyingine zote.

Na umma ulielewa. Boodle Boodle Boodle ilifika nafasi ya 5 nchini New Zealand na kudumu kwenye chati kwa miezi kadhaa, ikiwa santuri ya lebo ndogo isiyo na matangazo yoyote ya maana. Kama rafiki yako analalamika kwamba muziki una vumbi, mwambie hivyo, halafu rudi kwenye kidokezo namba mbili.

4. Spika ya simu iweke kando

Besi ya Robert Scott ndiyo inayotembea katika nyimbo hizi wakati gita limeganda pale pale. Kwenye spika ya simu besi hiyo haipo. Kinachobaki ni mkwaruzo. Tafuta spika yenye kifua kidogo, au hata zile za masikioni za bei ya kawaida.

5. "Point That Thing Somewhere Else" usiutoe siku ya kwanza

Huu ndio wimbo mkuu wao, na ndiyo sababu hasa ya kuuficha kwa muda. Unazidi dakika tano na hauna pa kwenda. Hamish anaanza kuviringisha ngoma, na akishaanza haachi. Hapambi, haonyeshi ufundi, anazungusha tu. Besi inashika mzunguko wake. Juu ya hapo David anamwaga gita lenye mwangwi, linapanda, linavuma, linashuka, na sauti ya kuimba imezama chini kiasi kwamba ni kama gita jingine. Anayesubiri kiitikio atasubiri mpaka wimbo uishe.

Msikilizaji wetu aliyekulia kwenye muziki wa dansi ana faida hapa. Anajua kukaa ndani ya sebene, pale waimbaji wanaponyamaza, magita yakachukua kiti na mtu hataki liishe. Mwambie rafiki yako kwamba wimbo huu ni sebene tangu mwanzo, lisilo na mashairi ya kulitangulia. Atakaa vizuri.

Ukimwona ametingisha kichwa, mpe jina la Peter Gutteridge. Alikuwemo kwenye bendi ilipoanza, alishiriki kuutunga wimbo huu, kisha akaja kuanzisha Snapper, ambao waliuchukua mvumo huohuo na kuufanya mzito zaidi.

6. Mtajie mji pamoja na jina

Ukiandika "The Clean" peke yake kwenye mtandao utaletewa sabuni, mapishi ya kiafya na nyimbo zilizoondolewa matusi. Ongeza Dunedin, Kilgour au Flying Nun.

7. Historia yao ipunguze

Kuna jambo moja la kihistoria linalostahili kusimuliwa mapema, nalo ni kwamba walivunjika mwaka 1982. Santuri zao zikiwa kwenye chati, watu wakiwagombania, wao wakaacha. Ndugu wawili wakaenda kurekodi nyumbani kwa jina la The Great Unwashed, kejeli kwa jina la awali, na Scott akaanzisha The Bats. Walikutana tena London mwaka 1988, na matunda yake ni albamu yao ya kwanza kamili, Vehicle, ya mwaka 1990. Naam: miaka 12 tangu kuanza.

Kuanzia hapo wakawa bendi ya kuja na kuondoka. Modern Rock mwaka 1994, Unknown Country mwaka 1996, Getaway 2001, Mister Pop 2009. Albamu tano za studio katika miaka 31. Hiyo ni hoja nzuri ya kumshawishi mtu mwenye shughuli nyingi: bendi hii anaweza kuimaliza. Kuna vikundi vya roki vyenye albamu thelathini, ambavyo ukivianza unahitaji likizo.

Kwa maoni yangu Unknown Country ije mwisho kabisa. Pale walikuwa wanachezea vitu, na mgeni asiyewazoea atadhani kuna faili limeharibika. Modern Rock nayo ina vinanda vingi kuliko magita; mwenye kupenda "Tally Ho!" kwa sababu ya kinanda chake anaweza kurukia hapo moja kwa moja.

8. Vehicle au Anthology?

Swali hili hugombanisha watu. Anthology ya mwaka 2002 ni mkusanyiko mkubwa: nyimbo zote muhimu za miaka ya mwanzo zimo, na baada yake dondoo za albamu za baadaye. Lebo ya Merge ya Marekani iliitoa upya kwa santuri mwaka 2014. Ni kamili, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mgeni hujikuta amezingirwa na nyimbo zaidi ya arobaini.

Mimi nampa Vehicle. Ni albamu ya nusu saa hivi, sauti yake ni safi kuliko za mwaka 1981, nyimbo ni fupi na kila mmoja unajua ulichojia. Magita yanang'aa, hayakwaruzi. Ni albamu ya kuosha vyombo, na hilo nalisema kwa heshima zote. Anthology mwachie aliyekwisha kunasa, hasa kama ana safari ndefu ya basi na bando la kutosha.

9. Akikataa, mpeleke kwa majirani

Si kila mtu atapenda mkwaruzo, na hakuna sababu ya kununiana. Dunedin na Christchurch za miaka ile zilijaa bendi zilizoazimana wapigaji na vyombo. Anayetaka upole na melodi za kuimba njiani apewe Daddy's Highway ya The Bats, ya mwaka 1987. Huyo ni Robert Scott yuleyule, safari hii akiwa mtunzi na mwimbaji mkuu. Aliyependa kinanda tu amfuate Martin Phillipps kwenye The Chills. Aliyependa gita la David achukue Here Come the Cars, albamu yake ya peke yake ya mwaka 1991, ambayo binafsi naiweka juu ya nusu ya kazi za The Clean.

10. Usiahidi tamasha

Hamish Kilgour alifariki Desemba 2022, na bila zile ngoma zake hakuna The Clean ya kwenda kuitazama. Aliishi New York kwa miaka mingi na huko akawa na kundi la The Mad Scene, kwa hiyo rafiki yako akiuliza kama kuna zaidi ya mpigo ule, jibu ni ndiyo. Zipo pia rekodi za jukwaani za tangu mwanzo wa miaka ya 1980, nyingine zikiwa zimenaswa kwa kaseti. Tafuta zenye "Point That Thing", ambao mbele ya watu waliuvuta wapendavyo, na uhakikishe jirani hajalala.