Somo: Kontena la Taka la Kukodi, Kinachoingia na Kisichoingia



Somo letu la mara hii ni juu ya kontena la taka, lile la chuma linaloshushwa mbele ya ua wa mtu na kuachwa siku mbili tatu mpaka lijae. Wako watakaosema kwamba hilo si jambo la chama, chama kishughulike na mishahara. Twawaomba wasome kwanza.

Katika mtaa mmoja wa Kinindo, upande wa ziwani, mwenye nyumba alikodi kontena ili asafishe ua baada ya maji ya ziwa kurudi nyuma. Juu yake yalionekana majani ya mwembe na matawi tu. Wenzetu wawili wakapanda kuukanyaga mzigo ili turubai lipate kufungika. Kumbe chini ya majani kulikuwa na betri mbili za gari, na moja ilikuwa na ufa. Ikapasuka, tindikali ikamrukia mmoja wao mguuni, naye alikuwa amevaa kandambili. Alikaa nyumbani wiki tatu. Tajiri wake alisema uzembe ni wake mwenyewe, mbona hakutazama? Mwenye nyumba naye alisema yeye amelipia kontena, na kontena ni la taka. Tulipokwenda kumdaia haki yake tukakuta hata jina lake halijaandikishwa INSS. Tulichoambulia ni posho ya siku nane, tena baada ya kwenda na kurudi mara nne.

Neno lile la mwenye nyumba ndilo lililotufanya tuandike. Kontena ni la taka, sawa, lakini si la kila taka. Anayeukodi ule mkebe mkubwa huona uwazi wake tu. Sisi tunaoupakia, tunaoupanda na tunaoumwaga ndio tunaojua kilichomo, na mara nyingi tunajua tumechelewa.

Vinavyoingia bila ubishi ni majani, matawi, mbao, karatasi, nguo kuukuu, samani zilizovunjika, vyuma vitupu. Hapo hatuna maneno mengi, ila matawi yakatwe mafupi na misumari ya mbao ipigwe ilale. Kifusi na udongo navyo huingia, lakini kwa kipimo, na kipimo hiki yafaa kila mpakiaji akishike kichwani. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa kilo 1,500 au zaidi. Chukua kontena la mita 6 za ujazo. Ukilijaza matawi, huenda lisifike tani 2. Ukilijaza tope la mafuriko mpaka ukingoni, hesabu yako ni 6 mara 1,500, yaani tani 9. Lori lililoundwa kubeba tani 5 litakwendaje na mzigo huo? Breki zitashindwa, na utingo anayeketi juu ya mzigo ndiye wa kwanza kuanguka. Kwa hiyo udongo, mchanga, matofali na zege ni nusu ya kontena hilo, basi. Tajiri anayesema "ongeza, pana nafasi" hajui kuhesabu, au anajua na hajali.

Hata wa kubeba kwa mgongo ana haki ya kipimo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika Pendekezo nambari 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo ambao mwanamume mzima abebe kwa mikono mara kwa mara. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Mfuko huohuo ukijazwa kifusi kilicholowa hupita kipimo hicho, nasi tumewaona vijana wakiubeba tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa tuje kwenye visivyoingia. Betri za gari tumekwisha kuzitaja: ndani yake mna tindikali na risasi. Mtungi wa gesi, hata ukisemwa ni mtupu, huwa na gesi iliyobaki, na ukigongwa au ukipata moto hulipuka. Oili chafu ya injini, rangi, dawa za kuulia wadudu, hizo huvuja njia nzima. Taa ndefu za mirija zina zebaki. Friji ina gesi na mafuta katika mashine yake. Sindano na bandeji za zahanati zina tanuri lake na haziji kwetu hata kidogo. Ukiona sindano moja, jua kuna nyingine chini. Na tope la shimo la choo si udongo, hata likikauka na kufanana na udongo. Baada ya Ziwa Tanganyika kupanda na kuingia nyumbani mwa watu Kinindo na Kibenga, mambo hayo yalichanganyika, nasi tukapewa sepetu bila mabuti.

Lakini la kukazia zaidi ni asbesto, kwa sababu haiumi leo. Katika nyumba za zamani yako mabati mazito ya simenti, ya kijivu, yenye mawimbi, ambayo wengi huyaita Eternit. Mengi ya yale ya zamani yalitengenezwa kwa simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Bati likiwa zima juu ya paa, hatari yake ni ndogo. Hatari huja pale nyumba inapobomolewa na kijana anaambiwa avunje mabati kwa nyundo ili yatoshe ndani ya kontena. Vumbi linaloruka lina nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona. Huingia mapafuni zikakaa. Ugonjwa, pamoja na saratani, huonekana baada ya miaka 20, 30 au hata 40, wakati ambapo mfanyakazi hakumbuki tena ua wa nani wala siku gani. Mkataba wa ILO nambari 162 wa mwaka 1986 ulitungwa kwa ajili ya jambo hili. Umoja wa Ulaya ulikataza kabisa matumizi ya asbesto mwaka 2005, na jirani zetu wa Rwanda wameendesha mpango wa serikali wa kuyaondoa mapaa hayo. Si kila bati la kijivu lina asbesto, ila kwa macho huwezi kutofautisha. Basi lisivunjwe, lisikatwe, lisitupwe toka juu. Limwagiwe maji, lifungwe katika plastiki nene, liwekwe peke yake, na mwenye nyumba atafute wa kuliondoa kwa utaratibu.

Msomaji atauliza: vilivyokatazwa vipelekwe wapi? Hapa pagumu, hatufichi. Betri ina wanunuzi. Iuzwe nzima pamoja na maji yake, isimwagwe mtaroni kwanza. Mtungi wa gesi urudishwe kwa aliyeuuza. Vingine vibaki kwa mwenye mali mpaka apate mahali. Yeye ndiye aliyevinunua. Jibu lisilokubalika ni lile la madereva wengine, katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, la kumwaga ukingoni mwa mto Kanyosha au Muha ili wasivuke mji mzima. Mito hiyo huingia ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo REGIDESO inayosafisha na kutuletea mabombani.

Na huko mwisho wa safari wako watu. Kwa miaka mingi taka za mji zimemwagwa Buterere, na wako wanaookota humo ili wale. Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, lundo la Kiteezi liliporomoka likaua zaidi ya watu 30. Addis Ababa, Machi 2017, lundo la Koshe liliua zaidi ya 100.

Je, mfanyakazi aweza kukataa? Mkataba wa ILO nambari 155 wa mwaka 1981 wasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, asiadhibiwe kwa hilo. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa kati ya mikataba ya msingi, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama wa ILO yapaswa kuziheshimu, na Burundi ni mwanachama. Lakini usikatae peke yako, wala usiondoke bila neno. Mwite mwenzako aone, mwambie msimamizi mbele yake, andikeni saa na mlichokiona, kisha leteni karatasi chamani siku hiyohiyo.

Akirukiwa mtu na tindikali: maji safi mengi, kwa dakika 20 zisizopungua, nguo zilizolowa zivuliwe, ndipo apelekwe hospitali. Msipake mafuta wala dawa ya meno.

Tumetengeneza karatasi ya ukurasa mmoja, ya Kirundi na Kiswahili, ya kutiwa sahihi na mkodishaji siku kontena linaposhushwa. Inataja visivyoingia, na inasema kwamba kikionekana kimoja mzigo hauondoki mpaka akitoe yeye kwa gharama yake. Makampuni mawili yamekubali kuijaribu. La tatu limesema litafikiri. Wanaofanya kazi Kinindo waichukue kwa mjumbe wao, na waje nazo zilizotiwa sahihi kwenye mkutano ujao, pamoja na majina ya wenzao ambao bado hawajaandikishwa INSS.